Kenyatta na Kodi ya Chumba London

Wengi humkumbuka Hayati Mzee Jomo Kenyatta kwa bakora yake, usinga na Ikulu. Wachache wajua kwamba zamani alikuwa mpangaji wa chumba mjini London, akihangaika na kodi.

Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi. Matumizi yake yalitokana na michango ya wanachama, watu wasio na kingi. Alirejea 1930, akaenda tena 1931, na safari hii alikaa miaka 15. Fedha kutoka nyumbani zilikuwa haba, na London haina huruma kwa asiye nacho.

Kati ya 1933 na 1937 alikaa nyumba namba 95, Cambridge Street, mtaani Pimlico, na mara nyingi kodi ilimshinda. Alipata vijisenti kwa kuonekana katika filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa 1935. Kisha chuo cha University College kikamwajiri kusaidia uchunguzi wa matamshi ya Kikuyu. Hivyo lugha ya mama ndiyo iliyomlisha ugenini.

Wakati huo huo alisomea mila na desturi kwa Profesa Malinowski, na mwaka 1938 kitabu chake, Facing Mount Kenya, kikatoka. Vita vilipozuka alifanya kibarua cha shamba huko Storrington.

Alirudi Kenya Septemba 1946. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu, na mwaka uliofuata Rais.

Nayo nyumba ile ya Pimlico ina kibao cha ukumbusho ukutani, chenye jina la mpangaji aliyechelewesha kodi.