Mwalimu wa Puto

Daktari atakayenizibua mshipa wa moyo nilimfundisha Kiswahili katika shule ya upili. Juma lililopita, katika kliniki yake huko Upper Hill, aliniambia bila kuficha kwamba ateri yangu imeziba pale inapogawanyika, na ukuta wake umekuwa mgumu kwa chokaa. Hatanigusa mpaka mwalimu wake awe kando yake. Yeye ni bingwa wa moyo tayari, lakini amerudi tena uanafunzini kusomea mishipa ya hatari kama huu wangu. Niliteremka mjini kupanda matatu ya Kangemi huku nikimfikiria Andreas Grüntzig.

Mjerumani huyo alizaliwa Dresden mwaka wa 1939, akasomea udaktari Heidelberg. Mnamo 1964, huko Marekani, Charles Dotter alikuwa ameonyesha kwamba mshipa wa mguu ulioziba waweza kupanuliwa kwa mrija pasipo kisu. Grüntzig alitaka puto dogo ambalo lingejazwa ndani ya mshipa bila kutanuka kupita kiasi. Alilitengeneza jikoni kwake, mjini Zurich, baada ya saa za kazi, mkewe na msaidizi wake wakishiriki kukata na kugundisha. Wengi walimtilia shaka. Tarehe 16 Septemba 1977 aliliingiza kupitia kinenani mwa mgonjwa wa miaka 38 aliyekuwa macho, akalijaza, akalitoa, damu ikapita. Miaka 10 baadaye ateri ile ilikuwa ingali wazi.

Hata hivyo, sisi walimu tuna sababu nyingine ya kumheshimu. Tangu 1978 aliwaalika madaktari wamtazame kwa televisheni akiwa kazini, na tatizo likizuka, lilizuka mbele ya macho yao. (Nani kati yetu huthubutu kukosea ubaoni mbele ya mkaguzi?) Alisisitiza pia kwamba kila jaribio liandikwe, lililofaulu na lililoshindikana. Alianza na mizibo mifupi ya mshipa mmoja, daktari wa upasuaji akiwa tayari karibu. Huu wangu, nadhani, angeukataa.

Mwaka wa 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Tarehe 27 Oktoba 1985, akirusha ndege yake mwenyewe katika hali mbaya ya hewa, alianguka Georgia na kufa pamoja na mke wake wa pili. Alikuwa na miaka 46. Stenti, yaani wavu wa chuma unaoachwa ndani kuushikilia mshipa, iliwekwa moyoni mwa binadamu mara ya kwanza mwaka uliofuata.

Mwanafunzi wangu amenipa tarehe. Watakuwa wawili.