MAISHA YAO: Ernest Hemingway na medali aliyompelekea Mama Maria



Leo siwaletei mtakatifu. Nawaletea mwandishi wa Marekani, Mkatoliki aliyeanguka mara nyingi, aliyewinda hapa Tanganyika na kuandika juu ya nchi yetu. Nimemchagua kwa sababu alilijua vizuri jambo moja linalotusumbua sana sisi vijana: vitu tunavyovinunua vinaweza kugeuka na kutununua sisi.

Mimi naishi Kibiti. Barabara ya Kilwa inapita katikati ya mji, na magari ya watalii yanakata hapa kwenda Mloka, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukishuka upande wa bahari, Nyamisati, unawakuta wavuvi wa delta ya Rufiji na mitumbwi yao kwenye mikoko. Hemingway hakuandika juu ya Kibiti, lakini watu wa aina hizi mbili aliwaandika wote: tajiri aliyekuja safari, na mzee wa mtumbwi. Tuone maisha yake kwanza.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1899, Oak Park, jirani na jiji la Chicago, katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa daktari. Alipomaliza shule hakwenda chuo, aliingia kwenye uandishi wa habari. Mwaka 1918 akaenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, na mwezi Julai akajeruhiwa vibaya miguuni na kombora. Hapo hajafikisha hata miaka 19! Baadaye alisimulia kwamba padre wa Kiitaliano alimpaka mafuta matakatifu akiwa amelala kati ya majeruhi. Mwaka 1927, baada ya kuachana na mke wake wa kwanza, akafunga ndoa ya Kikatoliki jijini Paris na Pauline Pfeiffer, na tangu hapo akawa anajitambulisha kuwa Mkatoliki.

Huyu Pauline alitoka kwenye familia yenye hela. Mjomba wa familia, Gus Pfeiffer, alitajirika kwa biashara ya dawa na vipodozi, na ndiye aliyelipia safari yao ya Afrika. Hebu fikiria: mwanamke wa New York ananunua poda na manukato ili aonekane mrembo, na hela ile ile inamleta mtu mwingine Serengeti kuwinda simba. Safari nayo ilikuwa bidhaa. Mtu alikuwa anajinunulia ujasiri, halafu anarudi kwao na picha na vichwa vya wanyama ukutani.

Walishuka Mombasa Desemba 1933, wakaingia Tanganyika na mwindaji maarufu aliyeitwa Philip Percival. Huko porini Hemingway akashikwa na kuhara damu, hali ikawa mbaya, ikabidi ndege ndogo ije kumchukua impeleke Nairobi kwa matibabu. Njiani akauona Mlima Kilimanjaro.

Miaka miwili baadaye, 1936, akatoa hadithi fupi juu ya theluji ya Kilimanjaro. Mhusika mkuu ni Harry, mwandishi mwenye mke tajiri. Harry amechubuliwa na mwiba mguuni wakati akijisogeza kupiga picha kundi la kuro. Kidonda kidogo tu! Hakukipaka dawa mapema, na sasa mguu unaoza, gari limeharibika, yuko kitandani porini anangoja ndege. Akiwa pale anakumbuka hadithi zote alizokuwa ameziweka akiba, akisema ataziandika siku akiwa tayari. Siku ile haikufika. Kwanza anamlaumu mke wake na hela zake. Halafu anakiri moyoni kwamba aliyekiua kipaji ni yeye mwenyewe, kwa kutokitumia, kwa pombe, kwa uvivu, kwa kupenda maisha laini.

Jamani, huo mwiba mnauona? Starehe haikumvamia Harry kama simba. Iliingia kama mchubuko. Leo kitanda kizuri, kesho hoteli nzuri zaidi, keshokutwa ameshindwa kuishi bila hivyo vitu, na kazi aliyopewa na Mungu imelala.

Mwaka huo huo aliandika habari za Francis Macomber, tajiri mwingine aliyekuja kuwinda. Mke wake hamwachi kwa sababu ya utajiri wake, naye hamwachi mke kwa sababu ya uzuri wake. Yaani wamegeuzana bidhaa! Ndoa imekuwa duka.

Na Hemingway hakuwa anawasema watu wa mbali. Alieleza baadaye kwamba aliporudi Marekani mwanamke mmoja tajiri alijitolea kumlipia safari nyingine ya Afrika. Alikataa, kisha akajiuliza angekuwa mtu wa namna gani kama angekubali. Harry ndiye jibu lake. Lakini kuujua ugonjwa si sawa na kupona. Alimwacha Pauline mwaka 1940, akaoa tena mara mbili, akanywa sana, akaumiza watu waliompenda. Sisemi hayo kumhukumu. Nasema ili tusidhani kwamba akili peke yake inatosha kumwokoa mtu.

Mwaka 1952 akatoa kitabu chake juu ya mvuvi mzee wa Cuba, Santiago. Hapa ndipo ninapowaona wazee wa Nyamisati. Tanga la Santiago lina viraka vya magunia ya unga. Shati lake lina viraka pia. Ukutani kwenye kibanda chake kuna picha mbili za dini, ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na ya Bikira Maria wa Cobre, alizoachiwa na marehemu mke wake. Siku 84 hajapata samaki. Siku ya 85 anampata mkubwa kuliko mtumbwi, na katikati ya mapambano anaahidi kusali Baba Yetu kumi na Salamu Maria kumi, na kwenda kuhiji kwa Mama wa Cobre. Papa wanamla samaki yote, yanabaki mifupa. Kwa hesabu ya dukani, mzee amepata hasara tupu. Lakini ukifunga kitabu unajua nani tajiri kati yake na Harry. Santiago alifanya kazi yake mpaka mwisho.

Januari 1954 Hemingway alipata ajali mbili za ndege mfululizo nchini Uganda, magazeti yakatangaza kwamba amekufa. Muda mfupi baadaye akaungua kwenye moto wa nyasi huko Shimoni, pwani ya Kenya. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel, ila alikuwa mgonjwa hata hakuweza kwenda Sweden kuipokea. Medali ile ya dhahabu, ambayo mwandishi yeyote duniani angeitamani, hakuibakiza kwake. Aliwatolea watu wa Cuba, ikawekwa kwenye madhabahu ya Mama Maria wa El Cobre. Kuna kitu kimoja, basi, alichoweza kukiachia.

Tarehe 2 Julai 1961, baada ya muda mrefu wa maradhi na msongo mkubwa wa mawazo, alijitoa uhai nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Padre alisali kaburini kwake. Kanisa linatufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu waliokufa hivyo, tunawaombea. Na wewe unayesoma huku moyo umekuwa mzito, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo, padre, mzazi, rafiki, na uende hospitali. Kutafuta msaada si aibu.

Kwetu msimu wa korosho ukifika hela inaingia, na vijana tunashindana kwa simu na pikipiki za mkopo. Simu si dhambi, pikipiki pia si dhambi. Ila wiki hii naomba tufanye mambo matatu:

1. Kabla ya kununua au kukopa, jiulize: nakihitaji, au nataka nionekane?
2. Taja kipaji kimoja ulichopewa na Mungu ambacho umekiweka akiba, ukianze hata kwa nusu saa.
3. Toa kitu kimoja unachokipenda, mpe anayekihitaji, bila kupiga picha.

Tusali: Ee Bwana, utuoneshe miba midogo kabla haijawa kidonda. Utupe moyo wa kufanya kazi uliyotupa na mikono isiyong'ang'ania vitu. Umpokee mtumishi wako Ernest na wote waliochoka njiani. Mama Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.