Ernest Holmes, fundi wa Tennessee aliyelipa gari la kuvuta nguvu na uthabiti

Lori lenye shehena linapoacha njia na kulalia ubavu bondeni, dereva wake husubiri gari la aina moja tu: lile lenye winchi na milingoti ya chuma mgongoni, ambalo madereva wengi kutoka Afrika Mashariki huliita brekdauni. Leo gari hilo huonekana kuwa jambo la kawaida barabarani. Hata hivyo, miaka zaidi ya 100 iliyopita halikuwapo, na mtu aliyechangia pakubwa kulileta alikuwa fundi wa magari wa mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, katika nchi jirani ya Marekani. Jina lake lilikuwa Ernest Holmes.

Mji wa milima na barabara mpya

Holmes alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baadaye maisha yake yalijikita Chattanooga, ambako alisoma katika chuo cha biashara na kisha kuendesha karakana ya kutengeneza magari. Mji huo umekaa kwenye kingo za Mto Tennessee, ukizungukwa na milima na kukatwa na vijito. Ni mandhari ya kupendeza kwa msafiri, lakini kwa dereva wa zama zile ilikuwa sehemu yenye kona nyingi, miteremko na madaraja membamba.

Mwaka 1915 viongozi na wafanyabiashara walikutana Chattanooga na kuunda chama cha kusimamia ujenzi wa barabara ndefu iliyoitwa Dixie Highway. Barabara hiyo ilikusudiwa kuunganisha majimbo ya kaskazini na yale ya kusini, hadi Miami katika jimbo la Florida, na tawi lake moja lilifika Sault Ste. Marie huko Michigan, mpakani kabisa na Kanada. Chattanooga ikajikuta katikati ya safari za watu kutoka pande zote. Sehemu kubwa ya njia hizo bado ilikuwa ya udongo. Mvua ikinyesha, iligeuka tope.

Wakati huohuo idadi ya magari ilikuwa ikipanda kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 1910 magari yaliyosajiliwa Marekani yalikuwa karibu nusu milioni. Ilipofika mwaka 1916 yalikuwa yamepita milioni 3, mengi yakiwa ya Ford Model T, gari la bei nafuu lililotoka kiwandani kwa mfululizo bila kusita. Watu walikuwa wamejifunza kununua magari kabla barabara hazijawa tayari kuyapokea, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kuyaokoa yalipoanguka.

Muda wa saa 8 ndani ya kijito

Mwaka 1916 Holmes alipokea ombi la msaada kutoka kwa John Wiley, mtu aliyewahi kuwa mwalimu wake katika chuo cha biashara. Gari la Wiley, Ford Model T, lilikuwa limeacha njia na kupinduka ndani ya kijito cha Chickamauga. Holmes alikusanya watu wapatao nusu dazani, akachukua kamba na magogo, wakaenda.

Kazi hiyo iliwachukua muda wa saa 8 hivi. Njia waliyoitumia ndiyo iliyokuwa ikitumika kila mahali: kufunga kamba, kuvuta kwa pamoja, kuweka gogo chini ya gurudumu, kupumzika, kisha kuvuta tena. Palipokuwa na farasi au nyumbu, walitumiwa. Kampuni za reli zilikuwa na kreni kubwa za kuondoa mabehewa yaliyoanguka, lakini kreni hizo zilisimama juu ya reli na hazingeweza kukifikia kijito kilicho kando ya barabara ya udongo.

Wengi wangekwenda nyumbani na kushukuru kwamba kazi imekwisha. Holmes alirudi karakanani na swali. Ikiwa injini ya gari ina uwezo wa kubeba abiria na mizigo kupanda mlima, basi gari lenyewe lingeweza pia kubeba chombo cha kumwokoa mwenzake. Kilichohitajika kilikuwa ni kukijenga chombo hicho na kukifunga mahali panapostahili.

Jaribio lililoshindwa

Kwa msaada wa marafiki wawili, Holmes alichukua gari la Cadillac la mwaka 1913, akalifunga nguzo tatu za chuma, kapi na mnyororo. Kwa macho ya mpita njia, kazi ilikuwa imekamilika. Lakini walipokitumia chombo hicho kulivuta gari lililoharibika, kilishindwa. Gari lililopaswa kuokoa lilikosa uthabiti, likawa karibu kuhitaji kuokolewa lenyewe.

Kushindwa huko ndiko kulikomfunza Holmes kiini cha kazi yake. Winchi ni chombo cha kale. Ina ngoma ya chuma inayozunguka, waya au mnyororo unaojiviringisha juu ya ngoma hiyo, na gia zinazoigeuza nguvu ndogo ya mkono kuwa nguvu kubwa ya kuvuta. Mlingoti nao huinua mahali waya unapoanza kushuka, ili mzigo unyanyuliwe badala ya kuburutwa ardhini. Vyote viwili vilijulikana bandarini na migodini tangu zamani. Ugumu haukuwa katika kuvuta. Ulikuwa katika kusimama.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Winchi inapovuta mzigo, mzigo nao huvuta winchi. Kreni ya bandarini imefungwa kwenye sakafu ya gati, kwa hiyo haiendi popote. Gari, kwa upande wake, limeegemea juu ya springi na matairi ya mpira. Mlingoti ukitokeza mbali nyuma ya gari, magurudumu ya mbele huinuka. Ukielekezwa pembeni, gari hulala ubavu. Kadiri mlingoti unavyotokeza zaidi, ndivyo uzito uleule unavyopata nguvu kubwa zaidi ya kulipindua gari.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Holmes alirejea kwenye meza yake na kuongeza miguu ya chuma ya pembeni, iliyoshushwa hadi ardhini ili kuipanua tako la gari na kuubeba uzito ambao springi hazikuweza kuubeba. Jaribio lililofuata lilifanikiwa. Akaombea uvumbuzi wake hataza, akaipata, na kuanzia hapo karakana ikaanza kugeuka kiwanda.

Milingoti miwili

Uvumbuzi uliolitangaza zaidi jina la Holmes ulikuwa wa milingoti miwili iliyosimama ubavu kwa ubavu nyuma ya gari, kila mmoja ukiwa na winchi na waya wake. Milingoti hiyo iliweza kufanya kazi pamoja, ikielekea nyuma. Iliweza pia kutenganishwa, mmoja ukazungushwa kulia na mwingine kushoto.

Manufaa yake yalikuwa makubwa. Fundi aliliegesha gari lake sambamba na barabara, akaufunga waya wa upande mmoja kwenye mti mkubwa au kitu kingine imara, na waya wa upande wa pili akaufunga kwenye gari lililotumbukia bondeni. Winchi ilipoanza kuvuta, nguvu za pande mbili zilipingana na kulishikilia gari la uokozi wima. Hapakuwa na haja ya kuliweka gari hilo kukingama barabara nzima, na magari mengine yaliweza kuendelea kupita. Kwa kuongeza kapi moja au zaidi kati ya winchi na mzigo, fundi aliongeza nguvu ya kuvuta mara mbili au zaidi, ingawa waya ulisogea polepole zaidi kwa kiwango hichohicho.

Mmoja wa mitambo yake ya mwanzo uliitwa 485, jina lililotokana na bei yake ya dola 485. Wenye karakana wengi hawakununua gari jipya la kuufunga. Walichukua gari kuukuu la kifahari, kama vile Packard, Cadillac au Locomobile, wakaondoa mwili wake wa nyuma na kuuweka mtambo juu ya chasisi. Magari hayo yalipendwa kwa sababu yalikuwa mazito na yenye injini zenye nguvu. Hivyo gari lililokuwa limebeba matajiri lilianza maisha ya pili likivuta wenzake kutoka mitaroni.

Holmes hakuwa peke yake katika biashara hiyo. Kampuni za Weaver, katika jimbo la Illinois, na Manley, katika jimbo la Pennsylvania, nazo zilitengeneza kreni za magari na kugombea wateja. Lakini mfumo wa milingoti miwili ulioenea kutoka Chattanooga ulidumu kwa miongo mingi, na kwa mafundi wengi jina la Holmes likawa karibu sawa na jina la gari lenyewe.

Kutoka karakana hadi uwanja wa vita

Vita Kuu ya Pili vilipozuka, majeshi mengi yalikuwa yakitegemea malori kuliko ilivyokuwa zamani. Lori moja lililokwama kwenye njia nyembamba liliweza kuuzuia msafara mzima wa mafuta, risasi na chakula. Kiwanda cha Holmes kilitengeneza mtambo mzito wa kijeshi ulioitwa W-45, ambao ulifungwa kwenye lori la Diamond T, lililoundwa Chicago na kusukumwa na magurudumu yote. Kila mlingoti uliweza kubeba takriban tani 4.5, na miwili kwa pamoja karibu tani 9.

Mitambo hiyo ilitengenezwa kwa maelfu. Ilitumiwa na jeshi la Marekani na pia na majeshi washirika, yakiwemo ya Uingereza na Kanada. Kazi yake haikupewa nishani nyingi: kunyanyua lori lililopinduka, kung'oa gari kutoka kwenye tope, kufungua njia ili msafara uendelee. Hata hivyo, jeshi lililoweza kuokoa na kutengeneza magari yake lilikuwa na magari mengi zaidi kesho yake.

Ernest Holmes alifariki mwaka 1945, mwaka uleule vita hivyo vilipomalizika. Alikuwa ameishi kuona wazo lililozaliwa kando ya kijito cha Chickamauga likivuka bahari.

Urithi na gharama yake

Uongozi wa kampuni ulipita kwa mwanawe, aliyeitwa pia Ernest. Katika miaka ya 1970 familia iliiuza kampuni, na mwaka 1974 Gerald Holmes, wa ukoo huohuo, alianzisha kampuni ya Century, iliyojipatia sifa kwa mitambo ya haidroliki. Katika mitambo hiyo, mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa ndiyo yanayoinua na kurefusha mlingoti, badala ya minyororo na gia pekee. Majina yote mawili, Holmes na Century, baadaye yaliingia mikononi mwa Miller Industries, kampuni yenye makao yake karibu na Chattanooga.

Magari makubwa ya uokozi ya leo yana mlingoti unaozunguka nyuzi zote 360, na baadhi hunyanyua zaidi ya tani 50. Lakini kabla ya winchi kuguswa, fundi hushusha kwanza miguu ya pembeni, kama alivyofanya Holmes baada ya jaribio lake la kwanza kushindwa. Kanuni haijabadilika.

Wala hatari haijatoweka. Waya wa chuma uliokazwa hadi mwisho ukikatika, huruka kama mjeledi na unaweza kuua. Ndiyo maana mtu yeyote ambaye gari lake linavutwa anashauriwa kukaa mbali na mstari wa waya, na asisimame kamwe kati ya gari linalovuta na lile linalovutwa. Hatari nyingine hutoka nyuma: madereva wanaopita kwa kasi na kuwagonga mafundi walioinama kando ya barabara.

Mjini Chattanooga kuna makumbusho ya kimataifa ya magari ya kuvuta, yaliyofunguliwa mwaka 1995. Humo wageni huona mitambo ya zamani, ikiwemo ile ya Holmes. Nje yake umejengwa ukuta wa kumbukumbu, uliozinduliwa mwaka 2006, wenye majina ya mafundi waliofia kazini wakiwaokoa wengine. Majina mapya yameendelea kuongezwa.

Vifo hivyo vimechangia kubadilisha sheria. Majimbo yote 50 ya Marekani sasa yana sheria inayomtaka dereva kupunguza mwendo na kusogea njia ya pili anapokuta gari la dharura limesimama kando. Nchini Kanada, jimbo la Ontario liliyajumuisha magari ya kuvuta katika sheria ya namna hiyo mwaka 2015. Dereva anayeona taa za njano zikimwekamweka mbele yake anatakiwa kupunguza mwendo na, pakiwa na nafasi salama, kuhama njia, ili fundi aliye chini ya mlingoti amalize kazi yake na kurejea nyumbani.