Robert Raikes na Watoto wa Gloucester



Sisi tunaofundisha darasa la watoto wadogo katika mtaa wetu huulizwa mara nyingi tunapata faida gani katika kazi hii. Watoto husinzia, huvutana nguo, wote kwa pamoja huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na somo la Jumapili iliyopita wamekwisha kulisahau. Hayo yote ni kweli. Lakini Jumapili moja tulimwomba mtoto mmoja atusimulie habari za Zakayo. Akasema Zakayo alipanda mnazi, maana huo ndio mti ambao yeye amewaona watu wakiupanda. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba Bwana Yesu alipomwita ashuke upesi, bila shaka Zakayo aliogopa, kwa sababu mnazi haushukwi kwa haraka. Tulicheka sana, lakini tulirudi nyumbani tukiwaza. Sisi watu wazima tumeisoma habari ile miaka mingi, wala hatukupata kufikiri kwamba kumtii Bwana siku ile kulihitaji ushujaa.

Basi, furaha ya namna hiyo ndiyo mshahara wetu. Na leo tunapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeipata furaha hiyo akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, baada ya kujitaabisha muda mrefu katika kazi nyingine njema ambayo matunda yake yalikuwa machache.

Mtu huyo ni Robert Raikes. Alizaliwa mwaka 1736 katika mji wa Gloucester, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mpiga chapa, naye alianzisha gazeti la mji ule mwaka 1722. Baba alipofariki mwaka 1757, Robert, kijana wa miaka 21 hivi, akairithi kazi ya kupiga chapa na kulitengeneza gazeti. Alikuwa mtu wa Kanisa letu la Anglikana, mwenye kupenda kuvaa vizuri na kuongea na watu, na mali yake ilimtosha. Hakuwa padre wala mwalimu.

Siku zile magereza ya Gloucester yalikuwa mahali pa kutisha. Mtu aliyeshindwa kulipa deni dogo alifungwa pamoja na mwizi na muuaji. Wengine walikaa na njaa, kwa kuwa hawakuwa na ndugu wa kuwaletea chakula. Raikes aliwaendea. Aliandika habari zao katika gazeti lake ili watu wenye huruma wawasaidie, na wale waliojua kusoma aliwapa vitabu, akawahimiza wawafundishe wenzao. Alifanya hivyo miaka mingi. Hata hivyo aliona jambo la kuhuzunisha: wengi waliofunguliwa hawakukawia kurudi kifungoni. Akatambua kwamba chanzo kikubwa cha maovu yao ni ujinga, na kwamba ujinga ule haukuanzia gerezani. Ulianzia utotoni.

Wakati ule Gloucester ilijulikana kwa viwanda vya kutengeneza pini, na watoto wa maskini walifanya kazi humo siku sita za juma. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yao ya pekee ya kupumzika. Siku moja Raikes alikwenda pembeni ya mji kwa shughuli zake, akawaona watoto wenye nguo zilizoraruka wakicheza njiani. Akamwuliza mama mmoja wa pale habari zao. Yule mama akamweleza kwamba aliyoyaona si kitu. Angekuja Jumapili angesikia matusi na kelele na kuona ugomvi uliowanyima majirani raha, kwa kuwa siku ile hapakuwa na wa kuwaangalia. Raikes aliwatazama watoto wale kwa macho ya mtu anayelijua gereza. Wale ambao angewakuta kifungoni baada ya miaka kumi walikuwa mbele yake, bado wadogo, wakikimbizana barabarani.

Hakungoja. Aliuliza kama mitaa ile ina akina mama wenye tabia njema wanaoweza kufundisha kusoma, akaonyeshwa wanne. Akapatana nao kuwalipa shilingi moja ya Kiingereza kila mmoja kwa kazi ya Jumapili. Kisha akashauriana na kasisi Thomas Stock, aliyekuwa mkuu wa shule ya Kanisa Kuu, naye akasaidia kuweka taratibu. Ndivyo madarasa yalivyoanza, mwaka 1780. Haifai tuseme kwamba Raikes ndiye wa kwanza kabisa, maana mwanamke mmoja aitwaye Hannah Ball alikuwa amewakusanya watoto katika mji wa High Wycombe tangu mwaka 1769, na wengine pia walijaribu hapa na pale. Lakini ni kwa mkono wa Raikes kazi hii ilipata kujulikana na kuenea.

Watoto walikuwa wa umri wa miaka sita hadi kumi na miwili au kumi na minne. Walifika saa nne asubuhi, wakasoma mpaka saa sita, wakaenda nyumbani na kurudi saa saba. Walisoma tena kidogo, kisha wakapelekwa kanisani. Baada ya ibada walijifunza Katekisimo mpaka baada ya saa kumi na moja jioni, ndipo wakaruhusiwa kwenda kwao kwa utulivu. Wazazi waliona aibu kuwapeleka watoto kwa sababu ya nguo mbovu. Raikes akawaambia kwamba yeye hadai nguo nzuri. Anataka tu uso na mikono iliyooshwa na nywele zilizochanwa. Waliojitahidi aliwatunza vitabu, vitana na viatu.

Wapendwa, msidhani kwamba mambo yote yalikuwa mazuri tangu siku ya kwanza. Baadhi ya watoto walikuwa wakorofi sana. Adhabu za siku zile zilikuwa kali kupita kiasi, na wako waliopelekwa shuleni wamefungwa vigogo miguuni wasitoroke. Hayo hatuyasifu. Lakini inasimuliwa habari nyingine inayotuonyesha moyo wa Raikes. Alifika katika nyumba ya msichana mmoja wa darasa lake, akamkuta amemkosea mama yake na amenuna, hataki kuomba radhi. Raikes alisema naye kwa upole, asisikie. Mwishowe yule bwana mwenye gazeti, katika nguo zake nzuri, akapiga magoti mbele ya mama maskini, akamwomba radhi badala ya mtoto. Msichana alipoona mtu mkubwa amejishusha hivyo kwa ajili yake, akaangua kilio, akaomba radhi mwenyewe. Tunaofundisha watoto na tuikumbuke habari hii. Fimbo na vigogo huweza kumkalisha mtoto kitako. Kilichomgeuza yule msichana ni kuona kwamba anapendwa.

Jambo lingine la kutufundisha ni hili. Raikes alikuwa na gazeti lake mwenyewe, angeweza kujitangaza tangu juma la kwanza. Alikaa miaka mitatu kimya, akiitazama kazi kama itasimama. Mwezi wa Novemba mwaka 1783 ndipo alipoandika habari fupi, wala hakutaja jina lake. Barua zikaanza kumjia kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 1785 kikaanzishwa chama huko London cha kusaidia Shule za Jumapili, na Malkia Charlotte mwenyewe akamwita Raikes amweleze habari hizo.

Wapinzani nao hawakukosekana. Wengine walinung'unika kwamba kufundisha kusoma siku ya Jumapili ni kuivunja siku ya Bwana. Wengine, na hasa matajiri, waliogopa kwamba mtoto wa maskini akijua kusoma atakuwa na kiburi na kukataa kazi. Lakini watoto waliendelea kuja, na katika mwaka 1831, miaka 20 baada ya kufa kwake, ilikadiriwa kwamba watoto 1,250,000 hivi walikuwa wakihudhuria Shule za Jumapili katika Uingereza.

Katika uzee wake alitembelewa na mwalimu mmoja mashuhuri, Joseph Lancaster. Inasimuliwa kwamba Raikes alimshika mkono, akatembea naye mpaka mahali alipowaona wale watoto kwa mara ya kwanza, akavua kofia yake, akasimama akiomba kimya huku machozi yakimtoka. Alimweleza mgeni wake kwamba pale ndipo alipojiuliza kama liko jambo lolote linaloweza kufanyika, na moyoni mwake akapata jibu la neno moja tu, la kumtaka ajaribu. Tangu siku ile, hakupita mahali pale bila kumshukuru Mungu.

Robert Raikes alifariki tarehe 5 Aprili 1811, akiwa na miaka 74, akazikwa katika kanisa la St Mary de Crypt mjini kwake. Inasemekana alikuwa ameagiza kwamba watoto wa Shule ya Jumapili wamfuate kaburini, na kila mmoja apewe shilingi moja na keki yenye zabibu. Hakutaka watoto wamkumbuke kwa huzuni tupu. Mwaka 1880 alisimamishiwa sanamu huko London, kando ya mto Thames, lakini sisi twadhani zile keki zilimfaa zaidi.

Wapendwa, katika mtaa wetu watoto ni wengi na walimu ni wachache. Wako kati yenu wanaosema hawakusomea ualimu. Raikes naye hakusomea. Wako wanaosema umri umepita. Yeye alikuwa na miaka 43 au 44. Wako wanaosema watoto hawashiki kitu. Waje wasikilize tukisimuliwa habari za Zakayo na mnazi wake. Shilingi ya kila Jumapili hatuna. Tulicho nacho ni mkeka, Biblia na watoto walionawa uso. Atakayependa kujaribu na aonane na padre, au aje tu Jumapili, aketi nasi.

Mungu awabariki watoto wetu wote, na awatie moyo wale wanaowafundisha. Amina.