Gustave Le Gray, Aliyeunga Bahari na Mawingu

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 140 iliyopita. Lakini kwanza sina budi kueleza jinsi nilivyopata habari zake, maana nilizipata kwa njia ya aibu.

Mwaka jana, wakati wa mvua, nilimsindikiza mama mdogo kutoka kwetu Dzaleka mpaka Lilongwe, kwa shughuli ya karatasi zake katika ofisi moja ya City Centre. Tulipotoka alasiri, wingu kubwa la tufani lilikuwa limesimama juu ya mji. Jua lilikuwa nyuma yake, na kingo zake ziliwaka kama moto. Chini, majengo yalikuwa kivulini. Nikaomba simu ya mama mdogo, nikapiga picha. Lo! Majengo yalionekana vizuri, lakini mbingu ilikuwa nyeupe tupu kama shuka. Nikapiga tena nikilenga wingu. Wingu likaonekana, majengo yakawa meusi kama makaa. Mara mvua ikatushika, tukakimbilia minibasi.

Majuma mawili baadaye nilipiga picha ya wingu jingine, hapa hapa Dzaleka, lenye umeme uliopasua anga. Kwa programu ya simu nikalikata wingu lile, nikaliweka juu ya majengo ya City Centre. Nikaibandika picha ukutani shuleni na kuandika chini yake kwamba hiyo ndiyo tufani niliyoiona mjini siku ile. Kwa siku mbili nilisifiwa sana.

Siku ya tatu mwalimu mmoja, ambaye siku ile naye alikuwa City Centre, aliniuliza kwa upole umeme ule niliuona saa ngapi. Sikuwa na jibu. Neno lililoniumiza zaidi lilitoka kwa mwenzangu wa darasani. Majuma yale yale mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa nyumba yao ya matofali mabichi, na baba yake alikuwa ameupiga picha ili akaombe msaada. Mwenzangu aliuliza ni nani atakayeamini picha ya ukuta wao, ikijulikana kwamba vijana wa Dzaleka wanajitengenezea tufani kwa simu.

Mwalimu hakuniadhibu. Alinipa jina moja tu, Gustave Le Gray, akaniagiza nitafute maisha yake niyasome mbele ya darasa. Basi habari zake ni hizi.

Gustave Le Gray alizaliwa tarehe 30 Agosti 1820 katika mji mdogo wa Villiers-le-Bel, kaskazini ya Paris, Ufaransa. Wazazi wake walitamani awe mwandishi wa hati za sheria, lakini yeye alipenda kuchora. Alijifunza kwa mchoraji mashuhuri Paul Delaroche, kisha akaenda Italia, na huko Roma akamwoa Palmira Leonardi mwaka 1844. Aliporudi Paris alijitia katika ufundi mpya wa siku zile, yaani kupiga picha kwa kamera. Ufundi huo ulikuwa umetangazwa kwa watu wote mwaka 1839 tu.

Alikuwa mtu wa kujaribu-jaribu dawa. Mwaka 1851 alitangaza njia yake ya kutumia karatasi iliyopakwa nta. Karatasi hiyo iliweza kutayarishwa siku kadhaa kabla ya kutumiwa, nayo ikawafaa sana wasafiri. Mwaka huo huo serikali ya Ufaransa ilichagua wapiga picha watano wazunguke nchi kupiga picha za majengo ya kale, na Le Gray alikuwa mmoja wao. Pia alikuwa mwalimu. Henri Le Secq na Charles Nègre, ambao baadaye walijulikana sana, walijifunza kwake.

Kuanzia mwaka 1856 alianza kupiga picha za bahari, na hapo ndipo alipokutana na shida ile ile iliyonikuta City Centre. Siku zile picha ilishikwa kwenye kioo kilichopakwa dawa iitwayo kolodioni. Kioo kililazimika kupakwa, kupigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, kwa muda wa dakika chache tu. Tena dawa ile ilikuwa na tabia mbaya. Iliona upesi mno mwanga wa buluu wa mbinguni, na polepole rangi nyingine za dunia. Mpiga picha akingoja mpaka nchi ionekane, mbingu huungua na kuwa nyeupe. Akipima kwa ajili ya mbingu, nchi hubaki gizani.

Le Gray alilishinda jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kulikubali giza. Mwaka 1856 alipiga picha ya merikebu huku akielekea jua lililofichwa na mawingu, akaacha mengine yawe meusi. Picha ilipoonyeshwa London ilishangaza watu, na wengi walidhani imepigwa usiku wa mbalamwezi, kumbe ilikuwa mchana.

Njia ya pili ndiyo iliyompa sifa kubwa. Alipiga bahari kwenye kioo kimoja na mawingu kwenye kioo kingine. Kisha katika chumba chake cha kazi alifunika sehemu ya kila kioo, akavichapa kimoja baada ya kingine juu ya karatasi moja. Mshono aliuweka pale macho yanapoona mbingu na maji vikikutana. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa picha yake ya Wimbi Kubwa, iliyopigwa mwaka 1857 huko Sète, kusini ya Ufaransa. Wimbi linavunjika mbele ya mawe, na juu yake mawingu mazito yametanda. Waliochunguza kazi zake wameyaona mawingu yale yale juu ya bahari zaidi ya moja.

Ili tuelewe ni zamani gani, tukumbuke kwamba kuanzia mwaka 1858 daktari John Kirk, mwenzake David Livingstone, alikuwa akisafiri na kamera katika mabonde ya Zambezi na Shire. Kirk ndiye aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza huko Unguja.

Le Gray alikuwa fundi mkubwa, lakini biashara ilimshinda. Duka lake la picha la Paris lilifungwa mwaka 1860. Mwaka huo aliondoka kwa jahazi pamoja na Alexandre Dumas, mtunzi mashuhuri wa hadithi, akawaacha mkewe na watoto. Walifika Palermo, Italia, wakati Giuseppe Garibaldi alipokuwa ameuteka mji. Huko Le Gray alimpiga picha Garibaldi, akapiga na barabara zilizozibwa kwa vizuizi na majumba yaliyobomolewa kwa mizinga. Picha hizo ziliwapa watu wa mbali habari za vita.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa, maana hapa ndipo nilipopata jibu langu. Mtu ni yule yule na kamera ni ile ile, lakini kazi ni mbili. Anayetazama picha ya bahari anatafuta uzuri na nguvu za tufani, wala haulizi ni siku gani. Anayetazama picha ya nyumba iliyobomoka anauliza ni nyumba ya nani, na ilianguka lini. Picha ya kwanza ni kama mchoro. Ya pili ni shahidi, na shahidi akiongeza neno moja lake mwenyewe, ushahidi wote unaharibika.

Safari yake haikuisha vizuri. Yeye na Dumas walitengana, akaachwa kisiwani Malta. Kutoka hapo alikwenda Shamu, kisha Aleksandria, na mwisho Kairo. Huko Misri aliishi miaka ipatayo ishirini, akifundisha kuchora. Hakurudi tena Ufaransa. Alifariki Kairo mwezi wa Julai 1884, akiwa amekwisha kusahauliwa na wengi wa kwao. Lakini mwaka 1999, katika mnada wa London, nakala moja ya Wimbi Kubwa ilinunuliwa kwa pauni zaidi ya 500,000, na wakati ule hapakuwa na picha ya kamera iliyowahi kufikia bei hiyo mnadani.

Nilipokwisha kusoma habari hizi darasani, nilikwenda ukutani nikaiondoa picha yangu. Kesho yake niliirudisha, lakini pembeni yake niliweka zile mbili za kwanza kama zilivyotoka katika simu, na chini nikaandika kwamba majengo ni ya City Centre na wingu ni la Dzaleka, siku mbili tofauti. Wengine walicheka wakasema nimeipunguzia nguvu. Labda ni kweli. Mwenzangu ambaye ukuta wao ulianguka alisimama akazitazama zote tatu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ninaweza kwenda kwao Jumamosi, nikaipige upya picha ya ukuta, kwa kuwa ile ya baba yake haikuonekana vizuri. Nilikwenda. Mbingu siku hiyo ilikuwa nyeupe tupu, nami nikaiacha hivyo hivyo.