Graham Hill: Bingwa Aliyechelewa Kuanza

Mimi ni shabiki wa mbio za magari, na kila Safari Rally inapokaribia huwasikia watu wakidai eti dereva huzaliwa, hafunzwi. Tena eti bila baba tajiri hufiki popote. Hebu nipeni sikio niwasimulie maisha ya Mwingereza Graham Hill.

Hill alizaliwa London tarehe 15 Februari 1929. Alisoma katika chuo cha ufundi, akawa mwanagenzi katika kampuni ya Smiths iliyotengeneza vipimo vya mitambo, kisha akahudumu katika jeshi la wanamaji kama fundi wa injini. Leseni ya gari aliipata mwaka wa 1953, akiwa na miaka 24! Mwaka uliofuata aliona tangazo la shule ya mbio katika uwanja wa Brands Hatch: kila mzunguko shilingi 5. Akatoa pauni moja, akazunguka mara nne. Basi, hakutaka kazi nyingine tena.

Pesa hakuwa nazo, lakini ufundi alikuwa nao, na huo ndio uliokuwa karo yake. Alitengeneza magari ya shule ya mbio ili naye apewe nafasi ya kushindana. Baadaye akawa makanika wa Lotus, na mwaka wa 1958 wakampa usukani wa langalanga. Mwenzake Jim Clark alisifiwa kwa kipaji. Hill alisifiwa kwa bidii. Katika kijitabu chake aliandika jinsi gari lilivyorekebishwa kwa kila shindano. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1962 na 1968, akashinda Monaco mara 5, Indianapolis mwaka wa 1966 na Le Mans mwaka wa 1972.

Tarehe 29 Novemba 1975 alikuwa akirusha ndege yake mwenyewe usiku, kwenye ukungu, karibu na London. Ndege ilianguka, akafa pamoja na wenzake 5 wa timu yake. Wachunguzi waligundua kwamba cheti chake cha kurusha ndege katika hali kama hiyo kilikuwa kimeisha muda. Jambo hilo linanihuzunisha sana.

Kwa hivyo wenzangu, tusiidharau karakana ya shule, wala tusiseme tumechelewa. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Na ukishakuwa bingwa, endelea kuinama, maana elimu haina mwisho.