Silvio Gesell, mtu aliyetaka pesa zioze kama nyanya

Ukikaa huku Eastlands muda mrefu kama nilivyokaa mimi, unajua kuwa tarehe 20 ya mwezi ina sura yake. Umoja, Donholm, Pipeline, kote ni mamoja. Mama mboga ana nyanya, fundi ana cherehani, kinyozi ana mashine, na wateja wapo tele. Kinachokosekana ni shilingi za kuwakutanisha. Nyanya zinaoza, na mwenye pesa anangoja bei ishuke.

Jambo hili lilimsumbua mno mfanyabiashara mmoja Mjerumani, Silvio Gesell. Alizaliwa mwaka wa 1862 Sankt Vith, mji ambao leo uko Ubelgiji, na mwaka wa 1887 akahamia Buenos Aires, Argentina, kuuza vifaa vya madaktari wa meno. Biashara ilimwendea vyema. Kisha mwaka wa 1890 nchi ile ikaingia katika msukosuko mkubwa wa fedha. Gesell akaona bidhaa zimejaa, watu hawana kazi, na wenye pesa wamezifungia. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu kurekebisha sarafu.

Hoja yake ni nyepesi. Samaki huoza, chuma hushika kutu, nguo huliwa na nondo. Pesa peke yake haiharibiki. Kwa hiyo mwenye pesa anaweza kungoja, mwenye samaki hawezi, na kungoja huko ndiko kunakolipiwa riba. Sisi watu wa Pwani neno riba hatuhitaji kufasiriwa, lakini Gesell hakulifikia kwa mlango wa dini, alilifikia dukani. Dawa yake ni kwamba pesa nayo ichakae: noti ibandikwe stempu ya kulipia kila kipindi, la sivyo ipoteze thamani. Hapo kila mtu atakimbilia kuitumia ama kuikopesha, na itazunguka.

Alirudi Ulaya akalima shamba Uswisi, akaandika, na mwaka wa 1916 kikatoka kitabu chake kikubwa. Aprili 1919 wanamapinduzi walioshika serikali Munich walimpa wizara ya fedha. Alidumu kama wiki moja tu. Serikali ikapinduliwa, akatiwa ndani, akashtakiwa kwa uhaini, kisha akaachiliwa huru. Alifia Eden, kijiji cha ushirika wa wakulima wa matunda karibu na Berlin, Machi 1930.

Miaka miwili baadaye mji mdogo wa Wörgl, Austria, ulitoa noti zake zilizopungua asilimia 1 kila mwezi. Barabara zikatengenezwa, watu wakapata kazi, na mwaka wa 1933 benki kuu ya nchi ikazipiga marufuku. Mchumi wa Marekani Irving Fisher alizipigia debe noti za namna hiyo, ingawa yeye alikwenda mbali kwa njia nyingine. Benki inapokukopesha huandika tarakimu kwenye akaunti yako, na tarakimu hiyo ni pesa mpya. Fisher alitaka benki zinyang'anywe uwezo huo, serikali pekee ndiyo itengeneze pesa. Gesell hakushughulika sana na nani anayezitengeneza. Kwake shida ilikuwa zinapokwenda kulala.

Wa Mombasa mnaikumbuka Bangla-Pesa, vocha za mtaa wa Bangladesh, mwaka wa 2013. Walioianzisha walikamatwa, mashtaka yakaja kufutwa. Kutoka hapo ikazaliwa Sarafu ya simu, iliyofika Kinango kule Kwale, na huku kwetu Mukuru kwa Njenga, hatua chache kutoka Pipeline. Wakati wa korona wengi walijiunga. Sarafu iliyolala kwenye simu ilikuwa ikipungua asilimia 2 kwa mwezi. Hiyo ni Gesell mtupu, hata kama mwenye kibanda hakuwahi kulisikia jina lake.

Ila kuna nusu tuliyoiacha, na ndiyo inayonikera. Gesell alijua kuwa pesa zikikimbizwa zitakwenda kujificha kwenye ardhi. Kwa hiyo alitaka ardhi iwe ya umma, ikodishwe, na kodi yake wapewe akina mama kulingana na idadi ya watoto wanaowalea. Mageuzi ya pesa bila ya ardhi aliyaona ni mguu mmoja. Sisi tumechukua mguu huo mmoja. Sarafu ilinunua sukuma na maji, lakini kodi ya nyumba hulipwa kwa shilingi, na mwenye ploti hana haraka.

Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Maelfu ya watu wakalala nje, juu ya kifusi cha nyumba zao.